Nahodha Kawekwa Benchi

Kijiwe chetu kiko mlangoni pa kibanda cha Fundi Viatu, na kama hujawahi kukaa pale, basi habari nyingi za dunia unazipata zikiwa zimeshapoa. Fundi huyo ukipita ng'ambo ya barabara anakutajia namba ya kiatu chako kabla hata ya salamu. Siku ya fainali ya watoto tulimkuta kashika nyundo, haigongi kitu. Binti yake, nahodha na mfungaji wa timu, kaambiwa hachezi. Aliyemwambia ni Kombora, yule aliyekula mshahara wa mpira nchi za watu mpaka akastaafu, sasa kocha wa watoto. Mechi ni saa kumi. Fundi kaapa: binti asipocheza leo, anamtoa kwenye timu moja kwa moja.

— Namfuata sasa hivi, Fundi akasema. Aniambie usoni.

— Na nyundo? Redio, kinyozi wetu, akamdaka shati.

— Nyundo ya kazi.

— Na hayo macho mekundu, ya kazi gani? Kaa, kaka. Kunywa kahawa.

— Sinywi! Mtoto kalia usiku kucha. Viatu vyake nimevishona kwa mkono wangu, kila vikichanika nashona. Leo akae benchi navyo?

Redio akashusha sauti.

— Kombora ana wivu. Mchezaji mstaafu akiona mtoto anashangiliwa, usingizi unamkimbia.

— Wivu wapi! akasema Hakimu, ambaye mahakama kaiona kwa nje tu lakini kesi zote anahukumu yeye. Huyo kahongwa. Tena na wale wa ng'ambo, wanataka kumtorosha mtoto awe raia wao.

Fundi akasimama. Nikaona mambo yanaharibika, nikatoa ukweli ambao nilikuwa nimeuficha kwa heshima.

— Jamani, kosa ni langu. Kombora tukiwa vijana nilimpiga tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake mbele ya uwanja mzima. Hajanisamehe. Anajua Fundi ni rafiki yangu, ndiyo maana analipiza.

— Wewe ulikuwa unaokota mipira! Redio akafoka.

— Naokota huku napiga tobo.

Fundi alishavuka mtaro. Akasimama ghafla, maana Kombora mwenyewe alikuwa anakuja, anachechemea kama kawaida yake, mkononi viatu vya binti.

Fundi akainua nyundo kidogo. Kombora akavua kandambili, akaunyoosha mguu. Kidole gumba hakikuwepo.

— Mpira niliuachia hapa, akasema. Kiatu kilikuwa kinabana, nikanyamaza nisipoteze namba yangu kikosini, mpaka kidole kikaoza kikakatwa.

Akakigeuza kiatu cha binti. Ndani, mbele, palikuwa na damu iliyokauka.

— Nimemuuliza kwa nini hasemi. Kasema baba atadhani kazi yake haifai.

— Kazi yangu haina shida, Fundi akasema. Mshono huo haufumuki.

— Haufumuki, kweli, lakini mguu unakua. Natafuta vingine vya kuazima avae saa kumi. Niambie tu, Fundi: mwanao anavaa namba ngapi?

Fundi akaangalia miguu yetu, mmoja mmoja, ambayo namba zake zote anazijua kwa kichwa; ya mwanawe haijui. Redio akaangalia kikombe. Hakimu kesi ikamshinda. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, nikakiri kwamba sikumpiga mtu tobo.