Breki ya Kagari ka Nyuma

Kwenye basi dogo la kambi ya wasafiri pale Quartzsite, Verlene alimsikia mumewe, Dwight, aliyeketi kiti cha mbele yake, akimlilia mstaafu mwenzake asiyemjua.

"Nyumba yetu ya magurudumu inabugia dizeli, bwana! Tangu tutoke Yuma leo, galoni moja haikutufikisha hata maili nne!"

"Nne? Wacha wee! Mnavuta nini, treni?"

"Kagari kadogo tu. Nadhani ni upepo."

"Upepo gani! Injini kubwa vile hukaburuta kagari hata breki ikiwa imekaza, na dereva asihisi. Nani huachia breki ya mkono ya hako kagari?"

"Mke wangu. Hajasahau hata siku moja."

Verlene akakumbuka. Asubuhi kule Yuma alikafunga kagari nyuma ya nyumba yao huku akipiga soga na dadake kwenye simu, breki hakuigusa.

Dwight akageuka. "Au siyo, mama watoto?"

Basi likasimama. Verlene akawa wa kwanza kushuka.