Absalom Sirengo Murunga, Aliyefika Nyumbani kwa Jina la Titus

Jamaa, majirani, nanyi mliosafiri tangu alfajiri kutoka Vihiga, jeneza mnaloliona limebandikwa jina la Titus Kegode, na Titus Kegode yuko hai. Aliyelala humo ni Absalom Sirengo Murunga, mume wa Magdaline Nasipwondi, na familia imemwomba Nahashon, mdogo wake, awasomee maisha yake jinsi yalivyokuwa, ingawa karatasi hii imeandikwa upya mara tatu.

Absalom alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Namanjalala, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Murunga na marehemu Mama Selipher, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985, na walimu walisema kijana huyu ana kichwa kigumu, neno ambalo kila aliyewahi kubishana naye atalithibitisha.

Mwaka 1990 akawa polisi wa akiba, akapewa bunduki kulinda mifugo yetu dhidi ya wezi, mwaka 1999 akafanywa kiongozi wa kikosi cha watu kumi na wawili, na mwaka 2003 akateuliwa katika baraza la migogoro ya ardhi, ambako hakujua ndugu wala rafiki, maana kesi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kati ya Nahashon huyu huyu na mjane wa jirani, akampa mjane ekari mbili, kisha jioni akaja kwa ndugu yake kula kana kwamba hakuna lililotokea, na ugali alipewa, lakini bila mboga.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na Magdaline, wakajaliwa Rosebellah mwaka 1992, Samuel mwaka 1995 na Beverly mwaka 2000.

Mabaraza yalipovunjwa mwaka 2011, na bunduki akiwa ameshairudisha, Absalom alibaki mtu mzima asiye na la kufanya, na huo ndio wakati mawakala walikuwa wakizunguka kila soko wakitafuta watu wa kwenda Saudia, basi tarehe 3 Juni 2012 akapanda ndege kwenda Riyadh kulinda ghala, akakaa chumba kimoja huko Manfuha na Titus, dereva, mtu wa Vihiga. Mtu wa kesi hakosi kesi, na kila Ijumaa Wakenya walimletea zao, nani kamsengenya nani kwa madam wake, dereva gani kawachumbia dada wawili kwa mpigo, wakamwita Jaji, na amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba ikama, kile kibali cha kuishi kule, haiazimwi hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Februari 2015 alimwomba kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ruhusa ya kubadilisha kazi, kafili akamripoti kuwa ametoroka, halas, ikama ikafa, akakimbilia Jeddah kubeba marobota ya vitambaa katika maduka ya Balad, na Magdaline hakuambiwa lolote, aliambiwa tu kwamba Jeddah kuna upepo mzuri wa bahari.

Septemba 2016 figo zilimsumbua, miguu ikavimba, na hospitali haikuweza kumpokea bila ikama, ndipo Titus akapanda basi kutoka Riyadh, akamwekea yake mkononi, na Titus anasema Absalom aliirudisha mara mbili, mara ya tatu maumivu yakamshinda, akaichukua akiwa amegeuza uso ukutani. Karani akaitazama picha, akamtazama mgonjwa, akaona Mkenya ni Mkenya. Alilazwa tarehe 22 Septemba, akafariki tarehe 11 Oktoba, na cheti kikaandika kwamba aliyekufa ni Titus.

Habari zikaenda Vihiga kwa Serah, mke wa Titus, akanyolewa nywele, kaburi likachimbwa, hata tarehe 30 Oktoba simu ikalia, na anayeongea ni huyo huyo anayeliliwa, akimsihi asimwambie mtu, maana ukweli ukijulikana kabla ya mwili kutoka Saudia, Absalom atabaki kwenye jokofu la ugenini na yeye ataingia jela. Mama huyu alipokea rambirambi wiki tatu huku mumewe akiwa hai, akaenda uwanja wa ndege Nairobi, akatia sahihi kuupokea mwili wa mume wa mwenzake kama wake, na wakwe zake walipoambiwa ukweli wakazika mgomba, kwa sababu kaburi halifukiwi tupu.

Magdaline kwa wiki sita alijua tu kwamba simu haijibiwi, akadhani mzee amekamatwa, na Jumanne tarehe 22 Novemba, saa nne asubuhi, alikuwa akichambua maharagwe gari lilipoingia uani, akashuka mwanamke asiyemjua, kichwa kimenyolewa, akapiga magoti na kusema, Mama Rosebellah, nimekuletea mzee wako. Magdaline aliinuka akaenda kuchungulia kiti cha mbele, kwa kuwa alitarajia mtu wa kushuka.

Alhamisi familia ilikaa juu ya jina, kwa sababu tukimzika kama Absalom, Titus atajulikana kuwa alitoa ikama yake, na tukimzika kama Titus, huyo Titus atabaki maiti katika vitabu vya kule, asiweze kurudi nyumbani. Nahashon, bila kuficha, alisema jina la jeneza lisiguswe, kuzika ni kuzika. Magdaline akasema hawezi kumzika mumewe kama mtu baki, wala hawezi kumfunga aliyemtendea wema, akamgeukia Serah. Hapo hapo simu ya Serah ikalia, saa nane mchana, na Titus akasema amesimama nje ya ofisi ya ikama Riyadh, anaingia kuwaambia kwamba hajafa, mzikeni mzee kwa jina lake. Tangu hapo simu yake imezimwa, na chifu ameandika kibali cha mazishi kwa jina la Absalom.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Jeddah waliomhudumia bila kumjua, majirani waliolala hapa nasi, polisi wa akiba wenzake, Wakenya wa Manfuha na wapagazi wa Balad waliomwombea, na inamshukuru Serah, aliyeketi hapo akiitazama kila mara simu iliyo mapajani mwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Magdaline.

Absalom Sirengo Murunga, pumzika kwa amani. Anayeulizwa jina leo huko Riyadh si wewe.