Leseni ya Mpare

Mwaka ule mpaka wa Tanzania ulikuwa umefungwa. Katika basi la kutoka Wote kwenda Kathonzweni, mbele yangu alikaa Mshana, Mpare wa huko Tanzania aliyeendesha malori ya pamba hapa kwetu tangu nikiwa mtoto. Siku hiyo alikuwa abiria.

"Leseni yangu imekwisha," alimwambia mama aliyeketi naye. "Ofisini wananiambia nikaifanye upya kwetu. Nikawauliza nitapita wapi. Wakasema ningoje mpaka ufunguliwe."

"Si umeoa huku?"

"Nimeoa. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kwa mila yenu, nilipeleka kwa wakwe, na kanisani nimekuwa nikibeba kwaya bure. Nikitoa sadaka mimi ni mwenyeji, nikitaka leseni mimi ni mgeni."

"Lakini serikali ni serikali, mzee. Kijana yangu akienda kwenu, si watamfanyia hivyo hivyo?"

"Watamfanyia. Na yeye atakasirika kama mimi."

"Basi si ukuwe Mkenya tu, hii maneno iishe."

"Mama, wewe unaweza kumkana mama yako kwa ajili ya usukani?"



Kwenye mto mkavu basi likazama mchangani. Dereva wetu, kijana mwenye leseni mpya, alikanyaga mafuta mpaka magurudumu yakazikwa, kisha akageuka. "Mzee Mshana, kuja ututoe. Hii mchanga unaijua."

Mshana alikunja mikono.

"Mimi ni mgeni," alisema. "Ngojeni mpaka wa kwetu ufunguliwe."