Suruali ya Mguu Mmoja

Nilikuwa naamini, ndugu zangu mafundi, kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha, kwamba gesi ya Ziwa Kivu hupanda alfajiri, ikamwingia mtu puani na kumnyonya moyo wa kazi. Jambo hilo nililisikia kwa dereva mmoja wa pikipiki hapa Mbugangari. "Angalia wale wa karibu ya maji," aliniambia, "mutu anasinzia muchana kama mutoto! Ni gesi, bon, nini ingine?"

Msicheke. Mimi nimemaliza shule ya jioni, cheti changu kiko ukutani kwenye fremu kubwa kuliko dirisha. Mwalimu alitufundisha kwamba gesi iko kweli, imelala chini kabisa ya ziwa. Mimi nikashika lile "iko kweli" tu, mengine nikayaacha yapite.

Basi, baba akafariki. Wengi wenu mlijifunza kazi kwake, mnakikumbuka kibaraza chetu: pasi ya makaa inafuka, baba amebana pini midomoni na bado anaimba, chaki nyuma ya sikio. Alikuwa akipuliza maji ya mdomoni juu ya kitambaa mpaka upinde wa mvua unatokea mlangoni. Utotoni nilidhani ni cherehani inayoimba. Siku moja alipokwenda Nyundo, kule mlimani, niliikanyaga peke yangu, nikashangaa imekuwa bubu.

Kwenye kilio chake nilikuwa hodari kuliko jenerali. Kwetu kifungua mimba hakai apewe pole. Anasimama apokee wageni. Nilipanga viti elfu moja, nikamimina chai ya kuogelea ng'ombe, nikawachekesha hata waliokuja kulia. Mkanisifu: "Huyu ni mwanaume!"

Wiki iliyofuata nikafungua kibanda tulichoshonea mimi na baba. Kwenye cherehani ya baba kulikuwa na suruali ya katekista mmoja: mguu wa kulia umeshonwa, wa kushoto bado. Nikakaa. Nawaambia, mguu wangu ulikataa kukanyaga pedali. Siku hiyo, na kesho yake, na mwezi mzima.

Katekista alikuja mara nne. Mara ya mwisho aliniambia kwa upole, "Fundi, mi niko na miguu mbili."

Mimi nilishajua ugonjwa: gesi! Nikageuza kitanda, kichwa Nyundo, miguu ziwani. Nikanywa maziwa ya kukata sumu mpaka ndama wa Busasamana wakalala njaa. Nikawa naenda kazini kinyumenyume ili pua isielekee majini, wanawake sokoni wakaniita, "We, umesahau nini nyuma?" Pedali haikusogea. Mwishowe nikamtafuta mtu wa Goma aje kununua cherehani ya baba. Tukapatana Jumamosi.

Ijumaa, mama mmoja anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mbele ya kibanda chetu tangu sijaota meno, akatua beseni lake mlangoni.

"Ati unauza mashine?"

"Nauza, mama. Gesi imenimaliza."

Akajifuta mikono kwa khanga. "Ule wimbo wa baba yako wa asubuhi, ulikuwa unaanza namna gani? Mi nimeusahau."

Kumbe hakusahau. Nikafungua mdomo nimwimbie. Sauti ya kwanza ikatoka, ya pili ikakwama, ya tatu ikaja na machozi. Ndugu zangu, nililia mpaka ziwa likapanda mita mbili na mahoteli ya ufukweni yakahama! Mama yule hakuniambia nyamaza. Alisimama mlangoni na khanga yake akiwafukuza wateja: "Sambaza imeisha! Rudini kesho!" Na beseni limejaa.

Nilipochoka kulia, nikaivuta ile suruali. Nikakanyaga. Mguu wa kushoto ukapita chini ya sindano huku naimba kwa pua iliyoziba, vibaya sana, na mshono umepinda kidogo kwenye goti. Katekista anaivaa hivyo hivyo. Mtu wa Goma alipofika Jumamosi, nilimpima shati.

Nawashukuru nyinyi mliochukua vitambaa vya wateja wangu mkavishona, kisha mkawaambia ni kazi ya mkono wangu. Mlinifunika. Namshukuru katekista kwa uvumilivu wake. Angeweza kuinyakua suruali akaenda kwa fundi mwingine. Na kwa yeyote aliyekaa hapa na pedali yake imegoma, sina elimu kubwa ya kumpa. Usijiite mvivu haraka, na usikimbilie kuuza. Kaa na mtu aliyempenda yule unayempenda, msimuliane habari zake. Na nyinyi wengine, mkimwona kifungua mimba kilioni anachekesha watu, mnyang'anyeni birika, mpeni kiti.

Jioni ya Ijumaa ile nilimbebea mama beseni lake mpaka nyumbani. Njiani nikamwuliza, "Donc, ni kusema gesi imenitoka, mama?"

"Gesi gani, mwanangu?" akasema. "Hukuwa na gesi. Ulikuwa unamukumbuka baba yako."