Wewe Si Fundi?

Kijiwe kile kina ubao mmoja tu, umelazwa juu ya matofali ubavuni mwa duka la kinyozi, lakini ubao ule umeshakata kesi ambazo mahakama zilizikimbia. Ubao una wenyewe. Kuna Hakimu, fundi cherehani, aliyewahi kuitwa mara moja kutoa ushahidi wa kuku aliyeibwa, na tangu siku hiyo hajaacha kutoa hukumu. Kuna Rubani, dereva wa lori la mchanga, ambaye ukimsikiliza utaapa lori lile lina mabawa. Kuna Mama Birika, mwenye kahawa, na ndiye mwenye kijiwe hasa, maana akifunika birika kikao kimevunjika. Halafu kuna Koki, fundi bomba, bingwa, mtu ambaye akiweka sikio ukutani anakwambia maji yanavuja wapi na mwenye nyumba kanuniana na nani. Siku hiyo Koki alifika na kofia ya sufu kaishusha mpaka masikioni, na jua linawaka mpaka mbwa wanatembea wakijibana na ukuta. Kesho yake asubuhi alikuwa na safari moja tu ya maana duniani: kwenda ukweni na baba yake mdogo, kumrudisha mkewe aliyeondoka na sanduku.

— Vua tuone, alisema Hakimu.

— Sivui.

— Korti haisikilizi kesi ya kichwa ambacho haijakiona.

Koki akavua. Rubani alikuwa na kahawa mdomoni, na kahawa ile haikufika tumboni. Pembeni kote kumekwanguliwa, ngozi inang'aa kama sinia lililosuguliwa kwa jivu. Utosini nywele zimeachwa zimesimama, kama kifuniko cha sufuria nyingine kabisa. Mstari wa mbele umesukumwa nyuma, paji limekuwa uwanja. Nzi mmoja alitua pale, akateleza.

— Hapo, alisema Rubani kwa sauti ya mtaalamu, ndege kubwa inashuka bila taabu.

— Nani kakufanyia hivi? aliuliza Mama Birika.

Koki akanyoosha kidole ukutani, nyuma ya ubao. — Huyo humo ndani. Miaka yote mimi nanyolewa na Mzee Wembe. Naingia, nakaa, nafumba macho. Hatusemezani. Nikifumbua, ni mimi. Leo naingia nakuta mtu mgeni, eti Mzee Wembe kaenda kumuuguza dada yake, yeye kashika nafasi. Sawa, nikakaa. Mnajua alichonifanyia?

— Si kakunyoa.

— Kabla ya hapo. Kaniuliza.

— Kakuuliza nini?

— "Kaka, tunanyoaje?"

Ubao mzima ukaguna, kama vile wameambiwa mtu katukanwa mama.

— Na wewe ukasemaje? aliuliza Hakimu.

— Nikamwambia, wewe si fundi?

— Barabara kabisa. Fundi anayeuliza ni fundi huyo?

— Hakukoma. Akauliza pembeni tushushe kiasi gani. Nikamwambia fanya kazi yako. Akauliza mbele tuchonge au tuache. Nikamwambia ndugu yangu, nimekuja kunyolewa, sikuja kuhojiwa. Nikafumba macho.

— Akaamua mwenyewe, alisema Mama Birika.

— Akaamua mwenyewe, yule shetani. Kesho mimi navua kofia mbele ya baba mkwe na kichwa hiki. Mke wangu atatoka mlangoni, atadhani baba mdogo kaja na mfungwa.

Mama Birika alimjazia kikombe, taratibu, kama mtu anayetega mtego.

— Koki, mtu akikupigia simu, "njoo, bomba limeharibika," huwa unamwambiaje?

— Namuuliza bomba gani. La jikoni au la bafuni? Linavuja au limeziba? Watu hawajui kueleza, wananichosha hao.

— Ehe.

— Nini ehe? Ni tofauti. Bomba liko ndani ya ukuta. Kichwa kiko nje, anakiona.

— Kweli hiyo, alisema Hakimu. Mimi mteja wangu simuulizi kitu. Namtazama mara moja, nakata kitambaa.

— Ndiyo maana suruali ya mume wangu inaishia magotini.

— Mguu wa mumeo uliendelea kukua, mama. Hilo si langu.

Rubani alikuwa anajishika nywele zake, zilizokuwa zimeshafika wakati wa kukatwa. — Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, alisema, akachovya vidole kwenye maji ya kusuuzia vikombe akajipaka utosini. — Tayari. Mimi niko salama. Sasa sikilizeni. Kosa si la yule bwana. Kosa ni la mashine.

— Mashine ina kosa gani?

— Mashine ina kumbukumbu. Lori langu mimi, siku moja nampeleka mgonjwa hospitali, lenyewe likakata kona kwenda machimboni. Usukani nimeushika kwa mikono miwili, linaniburuta, mgonjwa akapona kwa hofu. Kwa nini? Limezoea. Mashine ile mgeni kaja nayo kutoka alikokuwa. Imezoea vichwa vya huko. Koki, wewe umenyolewa kichwa cha mtu mwingine.

— Na mwenye kichwa yuko wapi?

— Yuko huko, kakaa mbele ya kioo, ana nywele zako, hajui la kufanya.

Habari hiyo ilimwingia Koki akilini vizuri sana. Kuna mtu mahali anatembea na nywele zake, pengine kesho naye anakwenda ukweni, anapokelewa kwa vifijo.

— Mashine kitu gani, alisema Hakimu, akagonga ubao. Njama. Kofia hiyo umeipata wapi?

— Duka la pili kutoka hapa.

— Duka hilo limepakana na nani?

— Na kinyozi.

— Mashahidi mmesikia. Huyu anaharibu, yule anauza. Na nywele zilizoanguka ziko wapi? Mnafikiri zinatupwa? Haba na haba hujaza kibaba. Zinajazwa kwenye mito, mito inauzwa. Mpaka leo wewe usiku unalalia kichwa chako mwenyewe, ndiyo maana unaamka na mawazo.

— Mbona mto wangu ni wa pamba, alisema Mama Birika.

— Umeufumua?

Hakuwa ameufumua. Hakimu akamtazama kwa huruma ya mtu aliyeshinda kesi.

— Lakini Koki, alisema Rubani, nusu shari kuliko shari kamili. Utosini umebaki nazo.

— Huo utosi ndio shari yenyewe.

— Basi samehe. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayazoleki kwa nani? Mimi ninayazoa kila siku kwa tambara. — Koki akasimama, akakaa, akasimama tena. — Na maji ya duka lile nimeyaunga mimi kwa mikono hii. Naingia nyuma hapo, nafunga koki moja, hatanawa uso mpaka mvua inyeshe. Dunia hii imejaa watu wa kuuliza. Unalipa mtu, anakuuliza. Unaoa mtu, anakuuliza. Mke wangu alianza hivyo hivyo. Nikirudi, leo tupike nini. Nikinuna, umenuna nini. Shati lipi, chumba kipakwe rangi gani, unataka nini, unataka nini. Namwambia wewe si mke? Nyumba nzima unaijua mpaka kijiko, mimi hunijui?

— Akasemaje?

— Hakusema. Akaacha kuuliza. Kama wiki hivi, nyumba shwari, nikasema sasa kaelewa. Narudi siku moja, sanduku halipo.

— Kumbe siku aliyonyamaza ndiyo siku aliyoondoka, alisema Mama Birika.

Koki akafungua mdomo ajibu, lakini akamwona mdogo wa mkewe anakatiza barabara, kapakata kikapu cha vitunguu anavyouza sokoni. Kofia ilirudi kichwani kwa kasi ambayo macho ya binadamu hayawezi kuifuata.

— Hamjambo hapa. Shemeji, mbona kofia na jua lote hili?

— Mafua. Karibu kahawa, shemeji.

— Sikai. Dada kanituma. Anasema baba kakubali, kesho mje. Ila anauliza kitu kimoja kwanza.

Koki akajinyoosha. Aliwatazama wenzake kama kusema, mnaona, mwanamke karudi kwenye mstari. — Aulize tu.

— Anauliza, ukija kesho, unataka nini?

Lile jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Limekaa hapo miaka mingi, halihitaji hata kusukumwa: yeye si mke? Koki alilisikia linakuja, akalisikia linavyofanana na lile la asubuhi kwenye kiti cha kinyozi, neno kwa neno, ila "fundi" tu limegeuka "mke". Akalifunga hapo hapo, kama anayefunga bomba.

— Kasema asitumwe baba mdogo kulisema, aliendelea shemeji. Useme wewe. Kasema kama ni chakula, migahawa iko. Kama ni kufuliwa, wafuaji wapo. Anauliza wewe, kwake yeye, unataka nini?

Koki akamgeukia Hakimu. Hakimu akakohoa, akatafuta hukumu, akakohoa tena. Akamgeukia Rubani, Rubani alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kama mtu aliyedondosha ufunguo. Ubao uliomaliza habari za mashine, mito na njama sasa ulisikiliza mashine ya kinyozi ikiunguruma nyuma ya ukuta.

Mama Birika aliinamisha birika. Likatoa tone moja. — Imeisha, alisema, akafunika.

— Sasa nimwambie nini? aliuliza shemeji.

— Mwambie nitasema.

— Utasema nini?

— Mwambie kesho nitasema mwenyewe.

Shemeji alimtazama, akapakata kikapu chake vizuri, akaenda.

Koki akainuka. Rubani alimshika mkono: — Usimfungie maji bwana, na sisi vikombe tunaoshea humo. Koki akajitoa, akazunguka ukuta, akaingia dukani. Ubao wote ukahamia dirishani, Hakimu kabandika pua kwenye kioo.

Kinyozi mgeni, mtu mzima wa makamo mwenye aproni nyeusi, alipomwona alishika ufagio kwa mikono miwili.

— Kaka, mimi nilikuuliza.

Koki akavua kofia, akakaa kwenye kiti. — Uliza tena.

Mgeni akaweka ufagio chini polepole. — Haya. Tunanyoaje?

— Wewe si... alisema Koki, akameza. Akajitazama. Ilikuwa kazi kuliko kuchimba mtaro kwenye mwamba, na mtaro huo amewahi kuuchimba. — Hizi za juu. Zishuke zote, zifuatane na pembeni, nisionekane na kifuniko. Ziwe fupi sawasawa.

— Naweza. Na mbele?

— Mbele usiguse tena. Iache iote yenyewe. Mstari wangu haujanyooka, huku kushoto unashuka kidogo. Nimezaliwa nao.

— Hilo nisingelijua kwa kukutazama tu.

— Mzee Wembe anajua.

— Nilimpigia simu ulipotoka, kaniambia wewe siku ya kwanza ulimwelekeza mpaka akachoka. Ulikuwa kijana, unakwenda kuposa.

Siku hiyo Koki alikuwa ameisahau kabisa.

— Masharubu?

— Yaache. Punguza tu yasiingie mdomoni.

— Na kesho unakwenda wapi? Nijue nikutoe vipi.

Nje, Rubani alinong'ona, "Kasema nini?" Hakimu akamkanyaga mguu anyamaze.

— Nakwenda kwa mke wangu, alisema Koki. Nataka akifungua mlango, anijue.

— Sasa umenipa kazi, alisema mgeni, akawasha mashine.

Safari hii Koki hakufumba macho. Alikaa anajitazama kwenye kioo, nywele zinamwangukia mabegani, na midomo yake ikaanza kucheza, inaanza sentensi, inaiacha, inaanza nyingine. Kinyozi akasimamisha mashine.

— Unasema na mimi, kaka?

— Hapana, wewe endelea. Haya ni ya kesho.