Simba la Pijo

Pale Masumbwe, barabara ya Kahama inapopunguza mwendo kupisha ng'ombe wa mnadani na malori yanayokwenda Rwanda, kuna kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani. Kimewekwa juu ya matofali, na ndicho benchi la kijiwe. Panaitwa Kijiwe cha Rejeta, maana Mama Zuhura, muuza kahawa, anakinga upepo wa jiko lake kwa rejeta kuukuu ya lori. Alasiri hiyo walikuwepo watatu tu: Enock, ambaye watu humwita Duara kwa kuwa ujana wake wote ameumalizia kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji dhahabu, huko Geita, mzee Bujiku wa ng'ombe, mwenye methali kwa kila jambo na isiyofaa kwa jambo lolote, na Deusdedit, fundi bodi, ambaye kijiweni jina lake ni Spana. Nafasi ya nne ilikuwa tupu. Hapo alikuwa akikaa Hatibu, fundi wa kushona viti vya magari. Walikuwa wamemzika Ijumaa, na tanga lilikuwa limeanuliwa siku moja kabla ya alasiri hiyo.

— Mimi nasema mle kwenye vyuma mlikuwa na dhahabu, alisema Duara. Mtu hawezi kukusanya nembo za magari mabovu miaka thelathini hivihivi tu. Nembo mia na kumi na saba, wazee. Nimezihesabu kwa macho yangu siku ya msiba.

— Wewe ulikwenda msibani kuhesabu? aliuliza Mama Zuhura.

— Nilikuwa nimekaa, ukuta uko mbele yangu, nifanyeje? Ya Bedford ipo, ya Leyland ipo, ya Austin ile yenye herufi na bawa ipo. Zinang'aa. Dhahabu ile.

— Ni kromu, alisema Deusdedit. Chini yake shaba, nyingine bati.

— Ndivyo alivyokwambia.

— Nimefanya kazi naye ua mmoja miaka ishirini na mbili, Duara. Yeye ananyoosha kitambaa, mimi nanyoosha bati.

Bujiku alikohoa, akaweka kikombe chini. Alipotaka kusema neno zito alianza kwanza na Kisukuma.

— Yaya, hapana. Si dhahabu. Ng'ombe roho yake iko kwenye paji la uso, hapa. Ndiyo maana ukimchinja anakutazama. Gari nalo hivyohivyo, roho yake iko kwenye nembo. Hatibu alikuwa anazishika zile roho zisirudi barabarani kuua watu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo? aliuliza Duara.

— Kimeingia kidogokidogo.

— Sasa mbona yeye mwenyewe hakuwa na gari? Hata baiskeli alikuwa anaazima kwa Spana.

— Ndiyo hapo. Mchungaji wa chui hafugi mbuzi.

Mama Zuhura aliwamiminia tena. Alisema wanaume hawajui kutazama. Mtu aliyefiwa na mke akakaa miaka kumi na tatu bila kuoa, halafu kila jioni anasugua vyuma kwa majivu na limau na kuvipanga ukutani, huyo ana jambo la moyoni. Kwa maoni yake kila nembo ilikuwa ni mchumba mmoja aliyemkataa.

— Mia na kumi na saba? aliuliza Duara. Masumbwe hii hii?

— Na Kahama imo.

Duara alifikiri, halafu akasogea mbele, akashusha sauti.

— Basi niwaambie. Lipo gari zima. Hatibu alikuwa analitengeneza chini ya nyumba yake, shimoni. Mimi ni mchimbaji, nikikanyaga udongo najua. Siku ya msiba nilikanyaga pale chumbani, chini panaita. Kuna uwazi. Gari lenye uso wa Bedford na matako ya Morris. Lilikuwa limebakiza kitu kimoja tu, lile simba.

Deusdedit aliposikia neno simba alipeleka mkono mfukoni. Wengine hawakuona.

Simba lenyewe kila mtu kijiweni alilijua bila kuliona. Lilikuwa simba dogo la chuma, linalokaa mbele juu ya boneti ya Pijo 403 za zamani, kichwa mbele, kama linanusa barabara. Hatibu alilitafuta kuliko nembo nyingine zote. Kila lori lililosimama kupoza injini, alimwendea dereva, akamwamkia, akamkabidhi karatasi yenye mchoro: ukiliona, hata likiwa limevunjika sikio, nipigie. Madereva walimchukulia kama kichaa mpole. Wakaiweka karatasi yake juu ya dashibodi, na ikaishia mpakani Rusumo.

Na miaka sita iliyopita Deusdedit alilipata. Alikuwa amekwenda Maganzo, jirani na Mwadui, kutafuta mlango wa Land Rover kwa mtu mmoja anayenunua vyuma chakavu, na kwenye ndoo ya bawaba na nati akaona pua ya simba. Njia nzima ya kurudi alikuwa akicheka peke yake ndani ya basi. Alilifunga kwenye kitambaa ili amkabidhi Hatibu kijiweni, mbele ya watu, aone uso wake utakavyokuwa. Alifika, akakaa, na kabla hajatoa kitu mfukoni Hatibu akamtania neno moja, watu wakacheka, na yeye akatabasamu kwa meno tu. Akasema moyoni, nitampa kesho.

Kesho yake neno lile bado lilikuwa linamchoma. Akasema atampa siku ya Idi. Idi ikapita. Na kadiri siku zilivyokwenda ikawa vigumu zaidi, kwa sababu sasa angelazimika kueleza lilikuwa wapi siku zote hizo. Tena, na hili hakuwahi kumwambia mtu, kulikuwa na utamu fulani mbaya katika kumtazama Hatibu akimkimbilia dereva na karatasi yake, huku yeye akijua kwamba kitu kile kimelala kwenye droo ya misasa, hatua kumi kutoka pale. Utamu ule ulikwisha zamani. Simba likabaki.

Ijumaa kaburini alikwenda nalo mfukoni. Alitaka kulidondosha pamoja na udongo. Akaogopa, hakujua kama dini ya wenzake inaruhusu, na hakuthubutu kuuliza.

— Spana umenyamaza, alisema Bujiku. Kimya kingi kina mshindo.

Methali hiyo, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imekaa mahali pake, na Bujiku mwenyewe hakujua.

Deusdedit alikuwa bado anatafuta la kujibu alipomwona mwanamke anakuja kutoka upande wa msikiti, amejitanda khanga nyeusi. Ni Shamimu, binti wa pekee wa Hatibu, aliyeolewa Chato. Tangu msiba walikuwa wamemwona kwa mbali tu, katikati ya wanawake.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama. Pole tena, walijibu.

— Tumeshapoa. Ni kazi ya Mungu.

Mama Zuhura alimpisha kwenye kigoda chake na kumpa kahawa. Nafasi ya baba yake kwenye benchi ilikuwepo, ila hakuna aliyemwonyesha. Alikunywa kidogo, akasema kesho alfajiri anapanda basi, amekuja kuaga na kushukuru kwa jinsi walivyomzika baba yake.

Duara hakuweza kujizuia.

— Samahani, mwanangu. Tulikuwa tunabishana hapa. Vile vyuma vya mzee, vilikuwa vya nini hasa?

Shamimu alitabasamu kidogo.

— Babu yangu, mzee Salmini, alikuwa na Pijo. Alikuwa anabeba abiria kati ya Shinyanga mjini na Mwadui. Baba akiwa mdogo, kazi yake kila Ijumaa asubuhi ilikuwa kusugua lile simba la mbele mpaka babu ajione uso. Mambo yakawa mabaya, babu akaliuza gari. Waliokuja kulichukua walilivuta kwa kamba, na baba alikimbia nyuma yake mpaka njia ya reli. Alivyokuwa mkubwa akaanza kuokota nembo. Alisema gari likifa watu wanagombania injini na matairi, uso wake haumhusu mtu.

Hapakuwa na dhahabu, wala roho, wala mchumba. Duara alitazama miguu yake.

— Kumbe ni hilo tu, alisema taratibu.

— Ni hilo tu. Nyingine zote alizipenda, lakini alikuwa anatafuta simba.

Deusdedit alijua kwamba akinyamaza sasa Shamimu ataondoka, na kesho lile simba litarudi kwenye droo ya misasa, na litakaa humo mpaka naye azikwe. Akalitoa, akaliweka juu ya goti lake, halafu akaona si adabu, akalishika kwa mikono miwili akamnyooshea.

— Hili hapa, mwanangu.

Mama Zuhura aliacha kumimina. Bujiku aliinama akalitazama kwa karibu kama anayetazama meno ya ndama.

— Umelipata wapi? aliuliza Duara. Leo?

— Miaka sita, alisema Deusdedit. Ninalo miaka sita. Nililinunua kwa ajili yake. Sikumpa.

Siri ilikuwa imetoka. Alisubiri kelele, alisubiri Shamimu asimame. Duara alifungua mdomo, Mama Zuhura akamgusa bega asiseme. Lori la mafuta likapita likitikisa vikombe, na walipoweza kusikilizana tena Shamimu alikuwa amelipokea simba na kulifuta vumbi kwa ncha ya khanga. Hakuonekana kushtuka.

— Baba alijua, alisema.

— Alijua nini? aliuliza Deusdedit.

— Kwamba unalo, Baba Philomena. Mwaka wa pili wa kukaa nalo ulikwenda Kahama kununua rangi. Baba sindano yake kubwa ikavunjika, akaja kutafuta nyingine kwenye droo zako. Akaliona. Akalifunga vilevile kwenye kitambaa. Alinipigia simu usiku huohuo, nikadhani kuna msiba.

Deusdedit alikumbuka safari ile ya Kahama. Alikumbuka aliporudi Hatibu alimpokea makopo ya rangi na kumuuliza habari za njia.

— Lakini madereva, alisema. Aliendelea kuwauliza. Wiki mbili kabla hajalazwa alimuuliza dereva hapahapa, nimekaa.

— Nilimuuliza hilo nami. Nikamwambia, baba, si umwombe tu? Akasema mtu haombwi zawadi. Akasema, namuuliza dereva kwa sauti ili Deus apate pa kuanzia.

Deusdedit aliinamisha kichwa. Miaka minne. Mara ngapi, Hatibu na karatasi yake, akimwita dereva kwa sauti kubwa isiyo ya lazima, halafu akirudi kwenye benchi na kukaa pale pembeni yake bila haraka, akipuliza kahawa. Na yeye kila mara alimwambia, vumilia, litapatikana.

— Nisamehe, alisema. Nisamehe, mwanangu, kwa niaba yake.

— Alishasamehe mwenyewe. Mimi sina cha kuongeza, alisema Shamimu, akalifunga simba kwenye ncha ya khanga, akapiga fundo. Nitakwenda nalo Chato. Ila nina swali, na baba aliniambia nisikuulize angali hai, asije akakuaibisha. Pale hospitali jioni ya mwisho alilirudia mara mbili. Alisema, Deus si mtu mbaya, lazima nilimfanyia kitu. Alijaribu kukumbuka, hakukumbuka. Alikukosea nini?

Deusdedit alifungua mdomo.

Aliona ile siku. Aliona mvua ya rasharasha, aliona shati alilovaa Hatibu, aliona meno ya watu. Alikuwa akilibeba neno lile miaka sita, akiliamkia na kulilalia, na sasa alipolitafuta alikuta kicheko tu. Lilihusu rangi ya mlango? Au mke wake? Au ile baiskeli? Akageuka kwa wenzake.

— Mlikuwepo, alisema. Mlicheka wote. Alisema nini?

Duara alitikisa kichwa. Mama Zuhura alisema pale watu wanacheka kila siku, baba, nitakumbuka kipi. Bujiku alitazama barabarani.

Shamimu alisubiri, kwa heshima, kikombe mkononi, kama mtu aliyetumwa kupeleka jibu nyumbani.

— Sikumbuki, mwanangu, alisema Deusdedit.

— Haya, alisema Shamimu.

Akamrudishia Mama Zuhura kikombe chake, akawaaga mmoja mmoja, akashika njia ya msikitini.