Nikiwapigia Kuuliza Tofauti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, nanyi mabaharia wanafunzi mliojibanza karibu na mlango ili muwahi chakula: salamu kwenu nyote.

Katika kuniaga leo ninapostaafu, nimesifiwa hapa mpaka nikageuka nyuma kuona anayesemwa ni nani. Kazi yangu ilikuwa ndogo: Kiingereza cha baharini. "Marine" ni kilicho cha bahari yenyewe, samaki na mwani, hata injini na rangi zilizotengenezwa kustahimili chumvi. "Maritime" ni shughuli za watu na bahari: sheria, bima, biashara. "Nautical" ni uongozaji wa chombo, ramani na maili zake. "Naval" ni ya wanajeshi. Mvuvi haingii humo, labda akamatwe. Nani hapa hajaonja kalamu yangu nyekundu kwa kuyachanganya?

Kasuku hakuyachanganya. Mnamkumbuka, yule mwanafunzi tuliyempa jina hilo kwa kutofunga mdomo, aliyeongoza mtihani wangu? Mwaka jana alinipigia kutoka melini, ambako hakuna hata mmoja anayejua lugha yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, eti 'marine' na 'maritime' zinatofautianaje?"

Ningeweza kumwambia, wee mtoto, mbona hilo unalijua? Badala yake nilikaa jikoni, sufuria yangu ya mtu mmoja ikiungua, nikamfundisha upya tangu mwanzo. Yeye akawa anaitikia tu, "Ehee, Mwalimu. Ehee." Tulipomaliza akauliza "sea" na "ocean". Nikamweleza kwamba "sea" mara nyingi imepakana na nchi kavu, na "ocean" ni ile kubwa, jicho halifiki ng'ambo.

"Mimi niko kwenye 'ocean', Mwalimu," akasema.

Sikumwambia kwamba hiyo ndiyo simu pekee iliyolia nyumbani kwangu wiki ile. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, wanangu wana miji yao, na kuanzia kesho hata kengele ya darasani sitaisikia. Ndugu zangu, naogopa. Nalisema hadharani kwa sababu mficha uchi hazai.

Basi naomba zawadi moja. Iko siku nitawapigia, mmoja mmoja, niwaulize "marine" na "maritime" zinatofautianaje. Msiniambie, "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha?" Nielezeni, tena polepole. Mkimaliza, nitauliza na lingine.

Asanteni kwa kunisikiliza leo, na siku hiyo pia.